Pembetatu moja, majibu matatu: nyuzi 2.87, 2.56 na sifuri. Nani yuko sahihi?

Mdadisi:
Wakuu, habari za muda huu.

Naombeni msaada, maana hapa mabishano yamepamba moto. Kuna pembetatu mraba, yaani yenye pembe moja ya nyuzi 90. Haipotenusi ni mita 10, upande mmoja mfupi ni nusu mita. Inatakiwa pembe inayotazamana na huo upande wa nusu mita. Swali lenyewe ni la mistari miwili tu.

Vijana watatu wamelifanya. Wa kwanza kachukua 0.5 kagawanya kwa 10, kabonyeza saini ya kinyume, kapata nyuzi 2.87. Wa pili kaanza na Pythagoras kutafuta upande wa tatu, kapata 9.99, halafu kosaini ya kinyume ya 0.999, ikatoka 2.56. Wa tatu kapita njia ileile ya wa pili, ila upande wa tatu kauandika 10.0 kwa sababu swali limesema vipimo viwe desimali moja. Kalkuleta ikamwambia pembe ni sifuri. Huyu ndiye mbishi kuliko wote, anasema kalkuleta haina upendeleo.

Nimezipitia kazi zote tatu, sioni aliyekosea kanuni. Nawaambia nini?

KonaTisini:
2.87. Funga uzi.

Mdadisi:
Mkuu KonaTisini, kwamba 2.87 ndilo jibu hata mimi nalihisi. Ninachotaka ni sababu, kwa sababu yule wa sifuri hakubali mpaka aoneshwe.

BintiHesabu:
Naweka kambi hapa.

Mwalimu wa Jioni:
Mdadisi, umeleta swali zuri kuliko unavyodhani. Watu wengi hufundishwa kwamba saini, kosaini na tanjenti ni milango mitatu ya nyumba moja, ingia popote utafika sebuleni. Kwenye karatasi ni kweli. Ukishaanza kukata desimali, si kweli tena.

Kwanza majina, nitayapita haraka. Simama kwenye pembe unayoitafuta. Upande unaoutazama mbele yako, usioigusa hiyo pembe, ndio mkabala. Haipotenusi ni ule mrefu kuliko wote, unaotazamana na pembe mraba. Unaobaki ndio jirani. Saini ni mkabala kwa haipotenusi, kosaini ni jirani kwa haipotenusi, tanjenti ni mkabala kwa jirani. Ukihamia pembe nyingine, mkabala na jirani vinabadilishana majina, haipotenusi haihami.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenu. Chukua kalkuleta uandike kosaini za pembe ndogo. Ya nyuzi 0 ni 1. Ya nyuzi 1 ni 0.99985. Ya nyuzi 2 ni 0.99939. Ya nyuzi 3 ni 0.99863. Umeona? Umetembea nyuzi tatu nzima na kosaini imeteremka kwa 0.00137 tu. Andika na saini za pembe hizohizo: 0, 0.01745, 0.03490, 0.05234. Kwa mwendo uleule saini imepanda mara 38 zaidi.

Maana yake ni hii. Unapokwenda kinyume, kutoka kwenye uwiano kurudi kwenye pembe, kosaini inakudai desimali nyingi sana ili itofautishe nyuzi 2 na nyuzi 3. Huyo wa pili alipoandika 9.99 badala ya 9.98749 alitupa milimita mbili na nusu katika mita kumi. Kwa macho si kitu. Lakini zile milimita ndizo zilizobeba habari yote ya pembe, na akapoteza theluthi moja ya nyuzi. Wa tatu alipoandika 10.0 alisema jirani ni sawa na haipotenusi. Pembetatu yake imelala chini ikawa mstari, na kalkuleta ikamjibu kwa uaminifu kabisa: mstari hauna pembe ya kupanda, ni sifuri.

Mwambie aweke 9.98749 kwenye njia yake ileile aone. Itatoka 2.87.

Mdadisi:
Mwalimu, ubarikiwe. Nimemwonesha zile namba za kosaini kakaa kimya. Sasa ameuliza swali lingine: je, ile 9.99 ya mwenzake ingetumika kwenye tanjenti, ingekuwaje?

Mwalimu wa Jioni:
Angetoka salama. 0.5 kwa 9.99, tanjenti ya kinyume, nyuzi 2.865. Hata akiweka 10.0, anapata 2.862. Jibu halisi ni 2.866. Kwa hiyo data ileile mbovu, iliyompeleka kwenye sifuri kwa kosaini, kwa tanjenti inamfikisha karibu kabisa na jibu.

Ndiyo maana wanafunzi wangu huwaambia: umepewa pande mbili, tumia hizohizo mbili. Usiende kutafuta wa tatu kwa Pythagoras eti kwa sababu unaipenda kosaini. Upande uliopewa ni wa swali, upande uliokokotoa ni wako na makosa yako.

fundi_wa_vipimo:
Naunga mkono hoja, na niongeze ya upande wa pili, kwa sababu msije mkadhani kosaini ndiyo yenye laana peke yake. Saini nayo ina udhaifu huohuo pembe inapokaribia 90.

Chukueni ngazi ya mita 6 iliyoegemezwa ukutani. Kichwa chake kinagusa ukuta kwenye kimo cha mita 5.80. Saini ya kinyume ya 5.80 kwa 6, inatoka nyuzi 75.2. Lakini pale juu nani anapima sawasawa? Tepu imepinda kidogo umesoma 5.85. Sasa pembe ni 77.2. Sentimita tano zimekula nyuzi mbili.

Sasa shuka chini upime umbali kutoka ukutani hadi kwenye mguu wa ngazi. Ni mita 1.54 hivi. Kosaini ya kinyume inakupa karibu zilezile 75. Kosea sentimita tano, soma 1.59, unapata 74.6. Umepotea nusu ya nyuzi tu. Kosa la tepu ni lilelile, ila hasara ni robo. Halafu kipimo chenyewe unakisoma ukiwa umesimama chini.

Kwa hiyo pembe kubwa, iliyosimama, pima jirani. Pembe ndogo, iliyolala, pima mkabala. Kwa maneno mengine, siku zote upande mfupi ndio wa kuupima kwa makini.

KonaTisini:
Hapo kwenye ngazi kuna kanuni ya moja kwa nne. Hesabu yenu inakubaliana nayo?

fundi_wa_vipimo:
Inakubaliana, ila uliza kwanza "nne" ni ya nini. Wapo wanaohesabu nne kwa kimo cha ukuta: moja nje, nne juu. Hiyo ni tanjenti, tanjenti ya kinyume ya 4 ni nyuzi 75.96. Wapo wanaohesabu nne kwa urefu wa ngazi yenyewe. Hiyo ni kosaini, kosaini ya kinyume ya 0.25 ni nyuzi 75.52. Tofauti haifiki nusu ya nyuzi, kwa hiyo kazini hakuna anayeumia. Kwenye mtihani utaumia, kwa sababu swali litakuwa limesema wazi "urefu wa ngazi" na wewe umekariri tanjenti.

BintiHesabu:
Shikamoo mwalimu. Mimi nina tatizo la kitufe. Kitabu changu kimeandika tan⁻¹. Tulipofundishwa vipeo tuliambiwa kipeo cha hasi moja ni moja juu ya kitu. Kwa hiyo tan⁻¹ ya 0.75 nilifanya 1 kugawanya kwa tanjenti ya 0.75, nikapata 76.39. Nyuma ya kitabu wameandika 36.87. Nimerudia mpaka nimechoka.

Mwalimu wa Jioni:
Marahaba binti yangu. Kosa si lako, alama hiyo inapotosha watu tangu ilipozaliwa. Aliyeianzisha ni John Herschel, mwanaastronomia wa Uingereza, mwaka 1813, na yeye alimaanisha "rudi nyuma": kama tanjenti inakutoa kwenye pembe kwenda kwenye uwiano, tan⁻¹ inakurudisha kutoka kwenye uwiano hadi kwenye pembe. Haina uhusiano na kugawanya moja. Balaa ni kwamba watu hao hao huandika sin² wakimaanisha saini kuzidishwa kwa saini, kwa hiyo alama moja ya juu ina tabia mbili kutegemea namba iliyokaa pale. Ndiyo maana vitabu vingine vinaandika arctan. Ukiona arctan, arcsin, arccos, ni vitufe vilevile.

Na angalia jambo moja. Ulichoingiza kwenye tanjenti, 0.75, si pembe. Ni uwiano, 3 kwa 4. Ukimwingizia tanjenti uwiano, ataudhani ni nyuzi 0.75 na atakuhesabia hiyo. Kabla ya kubonyeza jiulize: nilicho nacho mkononi ni pembe au ni uwiano? Kama ni uwiano, kitufe ni cha kinyume.

BintiHesabu:
Sasa imetoka 0.6435. Nimebonyeza kinyume.

Kokotoa:
Dada, hiyo ni RAD. Kalkuleta yako imehamia kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe. 0.6435 mara 57.2958 ni 36.87. Tafuta sehemu ya modi, weka DEG, yaani nyuzi.

Na usiishie hapo. Kalkuleta nyingi zina modi ya tatu, GRA, ambako pembe mraba ni 100 badala ya 90. Hii ni hatari kuliko radiani, kwa sababu radiani utaishtukia (pembe ya 0.64 kwa mchoro ulio mbele yako haiingii akilini), lakini GRA ingekupa 40.97 na ungeiandika bila wasiwasi wowote. Kabla ya kazi yoyote mimi hubonyeza saini ya 30. Ikitoka 0.5, endelea. Ikitoka kitu kingine chochote, hiyo kalkuleta haiko tayari kwa nyuzi.

BintiHesabu:
36.87! Asanteni sana wakuu.

Mdadisi:
Uzi umekuwa mtamu. Yule wa sifuri anafuatilia na ameibuka na hoja. Anasema kama mkabala ukiwa mara mbili basi na pembe iwe mara mbili, kwa hiyo anaweza kukisia bila kalkuleta.

KonaTisini:
Mwambie aende polepole. Jirani iwe 1. Mkabala ukiwa 0.5, pembe ni 26.57. Ukiwa 1, ni 45. Ukiwa 2, ni 63.43. Ukiwa 4, ni 75.96. Ukiwa 100, ni 89.43. Kila ukizidisha mkabala mara mbili, pembe haifiki mara mbili, na 90 hutaifikia hata ukijenga mpaka mwezini. Pia aangalie 26.57 na 63.43. Jumla yake ni 90, kwa sababu ni pembetatu ileile imesimamishwa upande mwingine.

Mwalimu wa Jioni:
KonaTisini kasema kweli, lakini tusimvunje moyo kijana, hoja yake ina ukweli kwenye pembe ndogo. Chini ya nyuzi 10 hivi, gawanya mkabala kwa jirani, zidisha kwa 57.3, umepata pembe. Mteremko wa moja kwa kumi na mbili: 57.3 gawanya kwa 12 ni 4.78. Kalkuleta inasema 4.76. Marubani wana toleo lao la jambo hili, moja kwa sitini: ukiwa umetoka nje ya njia kilomita 1 baada ya kusafiri kilomita 60, umekosea mwelekeo kwa takriban nyuzi 1. Wamechukua 60 badala ya 57.3 kwa sababu 60 inagawanyika kichwani.

Mpita Njia:
Na pembe zisizo ndogo? Kuna mtihani ambao kalkuleta hairuhusiwi na jedwali hatupewi.

Mwalimu wa Jioni:
Nilikuwa nasubiri mtu aulize. Kuna kanuni ya zamani ambayo siku hizi haifundishwi na sielewi kwa nini. Chukua upande mfupi kuliko wote, uzidishe kwa 172. Gawanya kwa jumla ya haipotenusi mbili na ule upande mwingine. Jibu ni pembe ndogo ya pembetatu, kwa nyuzi.

Pembetatu ya 3, 4, 5: 172 mara 3 ni 516. Haipotenusi mbili ni 10, ongeza 4, ni 14. 516 kwa 14 ni 36.86. Kalkuleta: 36.87.

Ya 5, 12, 13: 860 kwa 38, ni 22.63. Kalkuleta: 22.62.

Ya 8, 15, 17: 1376 kwa 49, ni 28.08. Kalkuleta: 28.07.

Inakosea kidogo ukikaribia 45, pale inatoa 44.9. Itumie kwa pembe ndogo tu, ile kubwa utaipata kwa kutoa kwenye 90. Ukiilazimisha kwenye pembe kubwa ya 3, 4, 5 itakupa 52.9 wakati jibu ni 53.13. Msingi wake ni kwamba pembe, kwa radiani, inakaribiana sana na saini mara tatu gawanya kwa mbili kujumlisha kosaini. Willebrord Snell, Mholanzi yule wa kanuni ya kupinda kwa mwanga, aliishughulikia katika kitabu chake cha 1621 alipokuwa akitafuta thamani ya pai. Ile 172 ni 3 mara 57.3, imekadiriwa.

Mpita Njia:
Nimejaribu na 7, 24, 25. Imetoka 16.27. Simu inasema 16.26. Mwalimu hii ni hatari.

Kokotoa:
Kwa wale wa kompyuta. Programu za majedwali na lugha za programu karibu zote hurudisha radiani, usisubiri modi. Zidisha kwa 180 gawanya kwa pai. Na kama una mkabala na jirani, acha kugawanya mwenyewe, tumia atan2. Inazipokea namba mbili zikiwa zimetengana, kwa hiyo jirani ikiwa sifuri haikuangukii na kosa la kugawanya kwa sifuri, inakujibu nusu ya pai, yaani nyuzi 90. Tahadhari moja: lugha nyingi zinataka mkabala kwanza kisha jirani, ila Excel inataka jirani kwanza. Ukizichanganya unapata ile pembe nyingine ya pembetatu, na inafanana sana na jibu.

Mpita Njia:
Na inapogoma kabisa? Simu imeniandikia "kosa" nilipoweka saini ya kinyume ya 1.25.

Kokotoa:
Umegeuza pande. 5 kwa 4 badala ya 4 kwa 5. Hakuna upande unaoshinda haipotenusi, kwa hiyo saini na kosaini hazivuki 1. Shukuru ilipogoma. Kwenye tanjenti ungegeuza na isingekwambia kitu.

fundi_wa_vipimo:
Nirudi kwenye lile la kosaini kidogo, kwa sababu kuna mtu wa zamani aliyeshindana nalo ana kwa ana. Al-Biruni, msomi wa karne ya 11, kwenye ngome ya Nandana, ambayo leo iko Pakistani. Alipima kimo cha mlima, akapanda juu, akapima upeo wa macho umeinama kiasi gani chini ya usawa wa jicho lake. Mstari wa kutoka jichoni unaigusa dunia kwenye upeo, na pale unafanya pembe mraba na nusu kipenyo cha dunia. Pembetatu mraba hiyo hapo: jirani ni nusu kipenyo, haipotenusi ni nusu kipenyo kuongeza kimo cha mlima. Kosaini moja tu, unapata ukubwa wa dunia bila kuizunguka.

Sasa tazameni ugumu wake. Mlima wa mita 300, kwa dunia tunayoijua yenye nusu kipenyo cha kilomita 6371, upeo unainama dakika 33 na kidogo, yaani zaidi kidogo ya nusu ya nyuzi. Ukikosea dakika moja tu kwenye kusoma, nusu kipenyo chako kinapotea kwa karibu asilimia 6, zaidi ya kilomita 350. Na hewa nayo inaupinda mwanga njiani. Njia ile ni safi kabisa kwenye karatasi, ila imeegemea penye utelezi: kosaini ya pembe ndogo.

BintiHesabu:
Kumbe sisi na mita zetu 10 tulikuwa kwenye matatizo ya wakubwa.

Mwalimu wa Jioni:
Fundi, mfano umetulia.

Kabla sijaondoka niwaachie moja. Mchemraba wenye pande zote sawa. Chora mshazari kutoka kona ya chini hadi kona ya juu iliyo mbali kabisa, unapita ndani kwa ndani. Unafanya pembe gani na sakafu? Nawaonya, watu wengi hukimbilia 45.

KonaTisini:
Nilitaka kusema 45.

BintiHesabu:
Mwalimu ngoja. 45 ingekuwa kama mshazari umelala juu ya ukuta mmoja. Huu unakata katikati, kwa hiyo kivuli chake sakafuni si upande wa mchemraba, ni mshazari wa sakafu. Upande ukiwa 1, mshazari wa sakafu ni kipeuo cha pili cha 2, yaani 1.414. Kimo ni 1. Pembe mraba iko pale kona ya ukuta inaposhuka sakafuni, haikuchorwa lakini ipo. Mkabala 1, jirani 1.414. Tanjenti ya kinyume ya 0.7071.

35.26.

Mpita Njia:
Na bila kalkuleta: mshazari mrefu ni kipeuo cha pili cha 3, yaani 1.732. Mbili zake 3.464, ongeza 1.414, ni 4.878. 172 kwa 4.878, nimegawanya kwa mkono, 35.26 vilevile. Jamani.